Springi za Nyuma na Mawe ya Ndiva

Jumanne, 2 Septemba

Upepo na vumbi, Same nzima. Landikruza yangu imekaa chini nyuma kama mbwa anayesubiri mfupa. Nimelala chini yake na tochi. Springi za nyuma zimekwisha. Pleti zilizopaswa kupinda kama upinde zimenyooka kama rula, na moja upande wa kushoto imekatika kabisa. Zimenibeba tangu Ndola. Heshima kwao.

Ubaya ni kwamba umeitwa msaragambo kijijini kwetu Mbaga, mlimani, Alhamisi ya wiki ijayo. Ukuta wa ndiva umebomoka, ile ndiva aliyoichimba babu yangu na wenzake kuhifadhi maji ya mfereji. Kila ukoo utapeleka watu wa kufanya kazi. Mimi sikuitwa. Habari nimepewa na binamu yangu Aminieli, jirani yangu hapa, akiwa upande wa pili wa ua anapiga mswaki. Nikamwuliza mbona sikuambiwa. Akajibu, povu mdomoni, kwamba wageni hawaitwi msaragambo. Wageni wanakaribishwa.

Mgeni! Mimi! Kweli nilikaa Zambia nikitunza vitabu vya maktaba hadi nywele zikaniacha. Kweli nimerudi mzee. Lakini Krismasi nilipopanda kijijini walinipokea begi, wakanipa kiti na soda, wakaniuliza kama baridi hainisumbui. Baridi ya Mbaga! Iliyonilea! Wakati wa kushuka nilitokwa machozi kidogo. Nikasingizia vumbi.

Aminieli amenipa nafasi kwenye pikapu yake, kiti cha mbele, nishike chupa ya chai. Nimekataa. Nitapanda na gari langu, nitabeba mzigo, nitachafuka kama mwenyeji. Springi nitabadilisha mwenyewe, hapa hapa uani. Kitabu cha ufundi wa gari ninacho.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepata springi! Kuna bwana mmoja nje kidogo ya mji anayefungua magari mabovu na kuuza vyuma vyake. Hizi zilikuwa za gari lililobeba tanki la maji. Ameapa kwamba hazijui kuchoka.

Nimezipanga ukutani, nikakaa kuzitazama. Uzuri gani huu! Pleti zimelaliana kwa ukubwa, ndefu juu, fupi chini, kama familia iliyojipanga kupiga picha. Aliyebuni kitu hiki alielewa kwamba mzigo haubebwi kwa ukaidi, hubebwa kwa kukubali kupinda. Nimesoma vitabu vingi vyenye busara ndogo kuliko hiyo.

Mke wangu Dorkas amezihesabu akiwa na sufuria mkononi. Akauliza mbona pleti ni nyingi kuliko zetu. Nikasema ndiyo uzuri wenyewe. Akauliza kama sisi tuna tanki la maji. Nikamwambia asikatishe furaha ya mtu.

Aminieli hatakiwi kujua lolote hadi kazi iishe. Nimetundika kanga za Dorkas kwenye kamba kuficha nyuma ya gari. Jioni Aminieli akauliza kwa sauti ni nani anayeoga chini ya gari.

Alhamisi, 4 Septemba

Nati hazitoki. Zile bolti zenye umbo la U zinazoikumbatia ekseli zimeshika kutu kama kiapo. Nimemwaga oili. Nimevuta spana. Nimechomeka bomba la maji kwenye spana ili kuongeza urefu wa mkono, nikaning'inia. Moja ikalegea ghafla. Nikakaa chini bila kupenda. Kanga moja ikanifuata.

Kakuta, Mmasai anayetuletea maziwa, alinikuta katika hali hiyo. Akaniamkia shikamoo vizuri, nikaitikia marahaba kutoka ndani ya kanga. Akalizunguka gari, akaligonga ubavuni, akachungulia chini. Akasema angekuwa ng'ombe wake angekwisha kumpeleka mnadani, tena mapema, kabla wanunuzi hawajamwona akitembea. Akacheka mpaka akaweka dumu chini.

Mchana nikapandisha jeki. Gari likainuka, ekseli ikainuka, springi zikainuka. Vyote pamoja, kwa upendo mkubwa! Hakuna kilichoachana na kingine. Nikapandisha zaidi. Dorkas akaja na kitabu changu, akaweka mwiko juu ya mchoro. Mchoro unaonyesha kwamba mwili wa gari ndio unaoegemezwa juu ya magogo, na ekseli inaachwa ining'inie. Mimi nilikuwa nimeinua ekseli. Nikamwambia nilikuwa karibu kufika ukurasa huo. Akasema, Baba Jenifer, kitabu umekiegemeza kwenye tairi tangu asubuhi, kimefunguliwa penye picha ya redio.

Mwanamke wa ajabu huyu. Nimemsifu kimoyomoyo tu, asije akazoea.

Jumamosi, 6 Septemba

Springi za zamani zimetoka! Nilizilaza kwenye gunia, nikasimama kidogo kama ipasavyo.

Mpya ya kulia imeingia bila ubishi. Katikati yake kuna kichwa cha bolti kinachotakiwa kutumbukia kwenye tundu la ekseli. Kikatumbukia! Nikapiga kelele. Kuku wakakimbia.

Ya kushoto inaleta fitina. Kichwa cha bolti hakitaki tundu. Kinakaa mbali nalo, upana wa viganja viwili. Nikatafakari. Springi ni ya aina moja, kwa hiyo haina kosa. Mimi nimefuata kitabu, kwa hiyo sina kosa. Ikabaki ekseli. Nikaifunga kamba, nikafunga ncha ya pili kwenye nguzo ya ua, nikakaza kwa kupitisha fimbo na kuizungusha. Nguzo ndiyo iliyokuja kwanza. Ikaja na kipande cha ua, na nyuma ya ua alikuwa amesimama Aminieli, anakula parachichi.

Siri imekwisha. Akauliza kwa upole kama namtafuta.

Nimefunga kamba kwenye mti wa mwarobaini. Ekseli ikasalimu amri. Kichwa kikaingia! Nimekaza nati zote. Moyo umetulia.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeondoa magogo. Gari limeshuka, lakini si sana. Nyuma imebaki juu angani, pua iko chini, kama mbuzi anayekunywa maji. Nimelipenda hivyo. Lina ari.

Tumelijaribu hadi barabara ya lami, mimi na Dorkas. Springi hazikupinda hata kidogo. Kila jiwe la barabarani tulilijua kwa jina. Kilemba cha Dorkas kilimfunika macho, akakiacha hapo, akasema afadhali asione.

Jambo moja zaidi. Usukani nimeushika sawa lakini gari linakwenda upande, kama mtu anayepita mlangoni na kitanda. Aminieli alikuwa nyuma yetu. Tulipofika nyumbani akasema alishindwa kuamua: akitazama pua ya gari anaona tunakunja kwenda kwake, akitazama tulipo anaona tunakwenda zetu. Akaigiza jinsi alivyotupisha, akaupungia mkono ubavu wa gari.

Kisha akalala chini, akachungulia, akacheka hadi vumbi likampalia. Springi ya kushoto nimeifunga mbele nyuma. Bolti ya katikati kumbe haiko katikati hasa. Upande mmoja wa springi ni mrefu kuliko mwingine, na kila upande una mahali pake. Akasema tuigeuze, kazi ya asubuhi moja, atanisaidia.

Ningekubali. Lakini aliitamka "nitakusaidia" kama anamwambia mgeni. Nikamwambia nimefunga hivyo makusudi, kwa sababu ya kona za kupanda Mbaga. Akauliza kona zipi, maana wakati wa kushuka zitageuka. Nikasema ya kushuka nitashughulikia wakati wa kushuka.

Jumanne, 9 Septemba

Usiku nimepata dawa ya ule mtikisiko. Springi za tanki la maji zinataka uzito wa tanki la maji. Msaragambo ni wa kujenga ukuta. Ukuta unataka mawe. Basi nipakie mawe! Gari litatulia, na nitafika na mchango ambao hakuna mwingine atakayefika nao. Mambo mawili kwa akili moja!

Kutwa nimeokota mawe nyuma ya nyumba. Kakuta amenisaidia kuyainua, akauliza yanakwenda wapi. Nikasema mlimani. Akatazama milima, ambayo kutoka kwetu inaonekana mawe yake yote. Akaniambia siku ng'ombe wake wakisaza nyasi, nimkumbushe azipeleke mbuga ya Mkomazi.

Lakini gari limeshuka. Limekaa sawa kabisa. Nimelipiga picha.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauwezi kukunja vidole.

Tuliondoka kabla ya Aminieli. Alitupita kijiji cha Mwembe, kisha nikaona vumbi lake kona kwa kona, kisha sikuliona tena. Gari lilipanda kwa ubavu. Tairi la kushoto lilikuwa linakwaruza bodi kila kona, na injini ikachemka mara kadhaa. Dorkas alishuka akatembea kwa miguu, akatufikia, akatupita. Pembe ya msaragambo niliisikia nikiwa bado chini. Sijaisikia tangu ujana. Nilisimamisha gari, nikaizima injini ili niisikie vizuri, na ndiyo maana nilichelewa zaidi.

Juu pale! Watu wamejipanga kutoka korongoni hadi ndiva, jiwe linapita mkono kwa mkono, wanawake wanakanyaga udongo kwa wimbo, na hakuna jiwe lililogusa ardhi kati ya korongo na ukuta. Hakuna aliyetoa amri. Nilisimama kando ya gari langu lililokaa mshazari, nikafikiri kwamba maktaba yangu yote haikuwa na ukurasa uliopangwa vizuri namna hii.

Msimamizi ni Careen, mwanamke mfupi mwenye buti za mvua, mdogo kwa binti yangu. Aminieli alikuwa amefika mapema. Nilimsikia Careen anamwambia asante sana kwa kuja, pumzika kidogo. Kisha akaniona mimi.

Hakuniamkia. Akaja akiwa ameshika kiuno. Akauliza mbele ya watu wote, wewe Mzee Clemence, hii ni saa ya msaragambo au saa ya Same? Nikafungua mdomo. Akasema funga. Akachungulia nyuma ya gari. Akauliza mawe haya ni ya nini. Nikasema ni ya ukuta. Akageuka, akawaonyesha wote kwa mkono: mlima. Mlima mzima wa mawe! Wakacheka hadi wimbo ukakatika. Bibi mmoja akaketi chini kabisa. Careen akasema ukoo wetu ulikuwa hivi hivi tangu babu, unafika mwisho na maneno mengi, mzembe we, shusha mawe yako mwenyewe, yapeleke ukutani mwenyewe, na kwa kuchelewa utabaki kukanyaga udongo wenzako wakienda kula.

Mzembe! Mbele ya kijiji kizima! Na babu yangu ametajwa!

Niliyashusha yote. Jiwe langu moja, la kijivu, nimeliona likiwekwa pembeni mwa mlango wa maji. Nilipokuwa kwenye udongo Aminieli alinijia na sahani, uso umemshuka. Akaniuliza kwa sauti ndogo kwa nini yeye ameshukuriwa tu. Nilimhurumia kwa dhati. Ameishi Same siku zote, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Mbaga, na bado wanamshukuru.

Ijumaa, 12 Septemba

Siwezi kusimama bila kushika kitu. Furaha tupu.

Aminieli amekuja asubuhi na spana zake, tayari kugeuza springi ya kushoto. Nimemkataza asiiguse. Springi ile ikikaa sawa nitafika kwa wakati, na nikifika kwa wakati nitashukuriwa kama mgeni. Ameondoka akitikisa kichwa. Baadaye nimemsikia ng'ambo ya ua akimwuliza mtu kwenye simu kama anazo springi za gari la tanki.

Dorkas anasema safari ijayo atapanda bodaboda. Nimemwambia ngoja kwanza nibadilishe za mbele. Kitabu nimekirudisha kabatini, sikihitaji tena. Mbele ni kama nyuma tu, ila iko upande wa pili.

Careen ametuma ujumbe. Ukuta bado haujaisha, msaragambo mwingine ni mwezi ujao, na yule mzembe wa Same aambiwe asithubutu kuleta mawe.

Nimemwelewa kabisa. Nitapakia mchanga.