Sweta la Kifua Nisichonacho

Jumatatu, 3 Juni

Kifurushi kimefika! Mama mkwe mtarajiwa amenifumia sweta. Sufu tupu, rangi ya kahawia, shingo ya duara. Zuri ajabu. Nimelivaa, nikapotea. Mikono inapita vidole, pindo linagusa magoti. Tungeenea humo mimi, mchumba wangu na godoro.

Kosa la nani? Langu, ila kidogo tu. Mama hajawahi kuniona. Aliponiuliza kwenye simu nina umbo gani, nilimwambia kifua kipana, mabega ya kubebea magunia. Ningesema nini? Kwamba upepo ukivuma nashika nguzo?

Jumapili anakuja kunitazama, na anataka anikute nimelivaa. Mchumba anasema mama yake anasamehe yote isipokuwa uongo. Akiunusa tu, posa basi. Akanisihi nimpigie leo hii, nicheke, nikiri, yaishe. Nimemwambia aniachie mimi. Kukiri! Wakati kilichopo ni kupunguza sweta tu!

Jumanne, 4 Juni

Pini. Nimelikunja mgongoni, nikalibana, mbele likanikaa barabara! Nikaenda nalo kazini kwa madaha. Nachonga funguo, kibanda changu kiko ubavuni mwa duka la vioo. Mteja wa kwanza akataka ufunguo wa kabati. Nikainama kwenye mashine. Mama yangu wee! Pini zote zikaniingia kwa pamoja. Niliruka, ufunguo ukachongeka upande, mteja akauchukua kabla sijapata pumzi ya kumzuia. Ana ufunguo usiofungua kitu chochote duniani.

Jioni nikakutana ngazini na Kifua. Ni jirani wa ghorofa ya juu, hunyanyua vyuma, na jina hilo amepewa na mtaa mzima. Akaingia nami ndani, akaomba alijaribu. Likamkaa! Utadhani alipimwa yeye. Akajitazama kwenye kioo changu mpaka nikakionea kioo huruma. Akasema nikishindwa nimwachie: sweta, na mama mkwe juu yake. Nimemvua kwa nguvu. Mshenzi.

Jumatano, 5 Juni

Nimempelekea fundi cherehani. Amekataa kulikata, anasema litafumuka lote. Akaninong'oneza kwamba sufu ikipata maji ya moto husinyaa, ila niende polepole. Polepole ndiyo tabia yangu! Nimeliloweka kwenye maji ya vuguvugu, nikalitundika kambani likichuruzika. Nimelala nikitabasamu.

Alhamisi, 6 Juni

Limerefuka! Maji yamelivuta usiku kucha, sasa linafika miguuni. Mchumba amepita, amelitazama pale kambani, ameuliza nimefuma kanzu lini. Ameniambia tena nipige simu. Nimeenda kulikamua pindo.

Ijumaa, 7 Juni

Polepole imenichosha. Nimechukua sufuria kubwa kuliko zote, sabuni, mwiko. Maji yakachemka, sweta ndani, mimi nakoroga huku nacheza kiuno. Furaha niliyokuwa nayo! Kifua akagonga mlango, kavutwa na harufu, anauliza supu gani hii. Tukabishana mlangoni kuhusu nani ana mabega. Tulibishana sana. Nikasahau.

Nimeopoa sweta la mtoto wa chekechea. Gumu kama zulia. Nimeliweka mezani, likasimama lenyewe. Nimekaa mbele yake, nikacheka mpaka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli. Nampenda sana yule binti.

Jumamosi, 8 Juni

Tumelivuta. Kifua upande huu, mimi na mchumba upande ule. Kifua alishinda, sweta halikuongezeka ila kiasi cha kupitisha kichwa. Mchumba akanikanyaga mgongoni, akalishusha kwa mikono miwili. Nimeingia! Kitovu kiko nje, mikono imeishia kwenye viwiko, pumzi ni za kukopa. Kutoka haiwezekani. Nalala nalo. Mchumba amekaa sakafuni anacheka, hawezi hata kusimama.

Jumapili, 9 Juni

USHINDI! Mama amekuja. Mwanamke mdogo wa umbo, macho makali. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyefungwa kamba. Nikamwamkia, mshono wa kwapa ukalia. Akalipapasa sweta. Akalinusa. Akatazama jikoni, kwenye sufuria. Kisha akanitazama mimi, nikaona posa ikifungasha mizigo.

Akasema, jamani, kumbe baba huyu ni mkubwa kuliko hata alivyojieleza! Eti amenipunja, atanifumia jingine kubwa zaidi. Ameamini! Akageuka ghafla akakohoa sana kwenye kitambaa chake, mabega yakimtikisika. Maskini, baridi hii. Mchumba naye kashikwa na kikohozi kilekile.

Posa imepita! Ameongeza tu kwamba ana kabati la mbao nzito linalohitaji kupandishwa ghorofani, na kwa kifua kama hiki hana haja ya kuita wapagazi. Nimemwambia kabati moja tu? Aongeze na kitanda.

Jumamosi, 29 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Kabati lilipanda. Kitanda pia. Mgongo haujarudi.

Sweta jipya limefika leo. Kifua mwenyewe kalivaa, likampwaya, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mchumba ameficha sufuria, lakini najua ilipo.

Ndipo simu ikalia. Mama. Sauti tamu kama nini! Anataka kunifumia soksi za sufu, anauliza navaa kiatu namba ngapi. Mchumba akanikodolea macho, akaninyooshea vidole kunionyesha: thelathini na tisa, sema thelathini na tisa.

Nimemwambia arobaini na saba.