Siku Kisanga Walipojihudumia

Leo nimeumbuka. Nawaandikia mapema, ninyi wenzangu tuliosomea kazi ya duka pamoja pale Kilosa, kwa sababu habari hii itawafikia tu, na ikipitia kwanza midomo ya watu wa Mikumi itakuwa imeota mkia na pembe. Bora muipate kwangu ikiwa bado na miguu yake miwili. (Miguu yenyewe pekupeku. Mtaona.)

Nimechoka. Mgongo unauma, koo limekauka, na mke wangu kila akipita hapa barazani anageuza uso ukutani nisimwone anavyocheka. Namwona mabega.

Mnajua kwamba kijiji chetu cha Kisanga kilinipa nauli ya treni niende Dar es Salaam nikaone maduka makubwa yanavyoendeshwa. Mwenyekiti wetu, Mzee Sefu, ndiye aliyelitoa wazo hilo mkutanoni. Alikuwa amechoshwa na ugomvi mbele ya kaunta yangu kila sukari inapofika. Mara ya mwisho watu waliisukuma kaunta mpaka ikanibana ukutani, nikawa nauza nimesimama kama picha ya kupigiliwa msumari. Akasema, nenda ukajifunze kwa wenzetu.

Nilikwenda. Na kwa yeyote kati yenu atakayebahatika kwenda, ushauri wangu ni huu, nautoa bure. Lile duka la ghorofa, nendeni mkaangalie vioo tu. Ndani kuna mapangaboi, wauzaji wamevaa sare, na rafu ndefu zimepangwa chumvi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliuliza sabuni, nikaambiwa ilikuwepo juzi. Niliuliza betri, nikaambiwa labda kesho. Nikanunua chumvi, kwa heshima. Kule Kariakoo vitu vipo, lakini ukigusa kitambaa mwenye duka anakiona kama umeshakinunua, na akikunja uso unajikuta unatafuta pesa. La tatu ndilo bora, na ndilo lililoniponza.

Hilo la tatu halina kaunta. Mtu anaingia, anaokota kikapu, anapita katikati ya rafu akijichukulia kwa mkono wake mwenyewe, hakuna anayemuuliza. Anaingia mlango huu, anatokea mlango ule, na pale pa kutokea amekaa bwana mwenye tai nyuma ya meza. Huyo ndiye anayepokea malipo. Juu ya mlango wameandika JIHUDUMIE. Nilisimama kushangaa mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotelewa na mtu. Hakuna kusukumana, hakuna kutukanana. Nikajisemea, hiki ndicho Kisanga inachokikosa.

Niliporudi nikaieleza kamati yote hayo. Wakanisikiliza kwa kunionea huruma. Nikaongeza, ili wanielewe, kwamba ndivyo wanavyofanya Ulaya. Bi Mwajuma, mkuu wa akina mama, akasema Ulaya alikuwa juzi tu kwenye msiba wa shangazi yake, na duka la pale lina kaunta kama letu. (Kwa wasiotoka huku: Ulaya yetu ni kijiji, njia ya kwenda Mikumi. Ndiyo maana mtu wa Kisanga akikuambia ametoka Ulaya, hajisifu.) Ilinichukua muda mrefu kumaliza ubishi huo, na nadhani haukuisha.

Mwishowe Mzee Sefu akakubali, kwa sharti moja. Alisema, "Bwana Duka, likifaulu utaendelea na kazi. Likishindwa, jembe lako lipo, na shamba la pamba la kijiji halijaisha kupaliliwa." Wenye kunijua mnajua mgongo wangu. Niliacha jembe kwa furaha kuliko mtu anavyoacha ugonjwa.

Basi tukatengeneza. Tukavunja kaunta, tukapiga rafu, ndefu kufika darini. Tukatoboa mlango wa pili upande wa mashambani, uwe wa kutokea. Sakafu tukaimwagia saruji, laini, ya kwanza kijijini ukiondoa ya msikiti na zahanati. Bi Mwajuma akaiosha mwenyewe, akaosha tena, kisha akaapa kwamba hakuna atakayeichafua yeye akiwa hai.

Leo ndiyo siku yenyewe. Mali ilikuwa imefika jana kutoka stesheni ya Kilosa: sukari, sabuni za mche, khanga, betri, viberiti, mafuta ya taa na, bila kukosa, chumvi. Mgeni wa leo alikuwa afisa wa maduka ya vijiji kutoka Kilosa, naye alitarajiwa kufika wakati wowote.

Asubuhi nikavaa tai. Nikavaa na viatu vyeusi vya Mwalimu Yohana wa shule ya misheni huko mlimani, alivyoviagiza kwa ajili ya harusi yake na ambavyo tangu hapo huvivaa Jumapili kanisani tu. Aliniazima kwa maneno mengi. Mke wangu alinitazama, akatia maandazi mawili kwenye mtoto wa meza yangu, akasema nikikaa na tai hiyo watu watadhani mimi ni mtoza kodi. Nikajiambia, huyu atajua nini biashara ya mjini.

Mzee Sefu akagonga kile kipande cha reli tunachokitumia kama kengele. Watu wakajaa. Nikasimama juu ya kreti la soda nikawahutubia. Nikasema, "Ndugu zangu, kuanzia leo hakuna kuniomba wala kunisubiri. Ingieni, chukueni mnachotaka kwa mikono yenu. Jihudumieni. Duka hili ni lenu."

Vigelegele! Wanaume wakarusha kofia. Kikongwe mmoja aliyekaa mbele akafuta machozi, akasema tumeambiwa siku hii inakuja na leo kaiona kwa macho yake. Sentensi ya kulipa nilikuwa nimeiweka mwisho wa hotuba, lakini kwa kelele zile sikuifikia. Nikaona haina neno. Meza wataiona.

Nikazunguka nyuma, nikakaa kwenye meza yangu nje ya mlango wa kutokea. Tai nimeinyoosha. Kalamu mkononi. Kwa sababu ya rafu zile ndefu sikuweza kuona ndani, lakini nilisikia. Nilisikia watu wakicheka, wakiitana, wakipeana nafasi kwa adabu, "pita wewe kwanza dada," maneno ambayo duka langu halijawahi kuyasikia. Nikafurahi sana. Nasema kweli, machozi yalinilengalenga.

Nikasubiri wa kwanza atoke.

Kuna kijana alichungulia. Akaniona. Akasema, "Shikamoo," nikamwitikia, "Marahaba," naye akarudi ndani. Akachungulia mama mmoja, akanisalimu vizuri, akarudi ndani. Wakawa wanakuja hivyo mmoja mmoja, wananiamkia na kurudi. Nikadhani ni heshima ya siku ya kwanza. (Ndiyo, niliwaza hivyo. Chekeni polepole.)

Kisha kukawa kimya. Nikasubiri. Nikala andazi moja. Nikasubiri tena.

Aliyetokea mlango ule, wa kwanza na wa pekee kwa asubuhi nzima, alikuwa afisa mwenyewe. Alikuwa amefika kwa pikipiki bila mimi kujua, amepokelewa kule mbele. Mkononi ana kikombe cha chai, miguuni ana soksi tu, moja imetoboka na kidole gumba kimetoka kuangalia dunia. Kijana mdogo, mwenye adabu. Akaniamkia, kisha akanipa mkono wa pongezi.

"Mzee, hongera. Sijaona duka linalomaliza mali namna hii. Mauzo yako wapi?"

Nikavuta mtoto wa meza. Ndani mlikuwa na andazi moja.

Akalitazama andazi. Nami nikalitazama. Kisha nikafunga tena mtoto wa meza taratibu, kana kwamba nikifungua mara ya pili litakuwa limebadilika.

Tukazunguka wote wawili mpaka mlango wa mbele. Bi Mwajuma alikuwa amesimama pale na ufagio wake. "Viatu," akaniambia. Nikamwambia bibi, leo si siku yake. Akasema saruji haijui leo ni siku gani. Nikavua, afisa akapita na soksi zake, tukaingia.

Rafu zilikuwa nyeupe. Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Khanga, betri, viberiti, hakuna. Chumvi tu ndiyo iliyobaki, imejipanga vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo duka langu lilipofanana kweli na lile la ghorofa la Dar es Salaam.

Afisa akanywa chai yake kidogo. Akasema ni nzuri, lakini sukari imezidi kidogo, wameipata wapi wakati hata kule Kilosa hakuna. Bi Mwajuma akajibu bila kusita, "Humu humu, baba. Tumejihudumia."

Mzee Sefu, aliyekuwa ametufuata, hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeona nafuu. Aliniambia kwa sauti ya chini tu kwamba nikitoka hapa nikaangalie mpini wa jembe langu kama bado umekaza. Kisha akaenda kugonga reli.

Watu wakarudi wote, kwa utulivu kabisa, wengine bado wamebeba vitu walivyovichukua. Hakuna aliyejificha. Mzee Sefu akawauliza imekuwaje wakapitia mlango wa kuingilia, wakati wa kutokea umetobolewa kwa jasho la kijiji kizima.

Bi Mwajuma ndiye aliyejibu kwa niaba yao. "Ndala zetu tuliziacha huku mbele. Tutokee huko mashambani pekupeku, kwenye miiba, kisha tuzunguke kuzifuata?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Dar es Salaam watu wanaingia dukani na viatu.

"Tena," akaendelea, "kila aliyejaribu mlango ule alirudi kutuambia kuna mtoza kodi amekaa na meza."

"Mtoza kodi gani?" nikauliza.

Akanitazama kwa huruma, kuanzia tai kushuka chini. "Wewe."

Nilimsikia mke wangu akicheka nyuma ya umati. Kicheko chake nakijua, tumeishi nacho miaka mingi.

Kuhusu malipo, wote walishangaa kuulizwa. Walidhani nitapita nyumba kwa nyumba jioni, kama ninavyofanya kwa mafuta ya taa. Nani aliyesema hawalipi? Wakaanza kulipa hapo hapo. Lakini walitaka kulipa wote kwa pamoja, kila mtu wa kwanza. Wakaisukuma meza, nami nyuma yake, mpaka nikabanwa ukutani. Nikapokea nimesimama vile vile kama zamani, tofauti ni tai. Jua lilipoegemea mlimani kila kitu kilikuwa kimelipiwa, hata sukari ya ile chai, ambayo Bi Mwajuma aliilipia huku akininung'unikia kwamba mgeni ni wa kijiji kizima.

Nikamgeukia Mzee Sefu nisikie hukumu yangu. Naye akamgeukia afisa.

Afisa akasema yeye amezunguka vijiji vingi, na ameshaona maduka yenye kufuli mlangoni, kufuli dirishani na kufuli kwenye mtungi wa mafuta, na bado mali inapotea. Hajaona duka lililoachwa wazi, watu wakachukua kila kitu, kisha wakarudi wenyewe kulipa. Akamshauri Mzee Sefu mlango wa mashambani uzibwe, meza ihamie hapa mbele penye ndala, na mimi nisiguswe. Akaniambia tu nisivae tai.

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Nilimshika mkono huyo kijana kwa mikono yangu yote miwili, nikashindwa kuuachia. Jembe lilikuwa limenipita karibu kiasi cha kusikia upepo wake. Mzee Sefu naye akanipiga bega, akasema basi, endelea na kazi.

Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Mikumi, afisa akaaga haraka haraka ili mvua isimkute njiani. Watu wakamsindikiza kwa nyimbo. Pikipiki ikawaka, akaondoka, nami nikampungia mkono mpaka vumbi likatulia.

Ndipo nikaenda mlangoni kuchukua viatu vya Mwalimu Yohana.

Palikuwa na jozi moja tu. Vyeusi, ndiyo. Lakini visigino vimelika upande mmoja, kamba moja ni ya katani, na hata nikikunja vidole vyote mguu hauingii. Nikamuuliza Bi Mwajuma. Akasema mgeni alivaa alivyovikuta karibu, na akasema vimemkaa vizuri sana.

Sasa niambieni ninyi wenye akili. Nimfuate Kilosa nikamwambie nini mtu aliyeniokoa na jembe leo leo? Kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyeondoka Kisanga na kitu bila kulipa? Kesho itabidi nipande mlimani kwa Mwalimu Yohana, kwa miguu mitupu, nimweleze, na keshokutwa ni Jumapili.

Kama afisa amekosea, au naye amejihudumia, mimi sijui. Anayetaka kucheka acheke, ila kwanza aangalie mlangoni kama viatu vyake bado vipo.