Kitanda cha Njiwa Wawili

Jumatatu, 3 Machi

...na hapo ndipo wino uliponiishia jana, katikati ya sifa. Naendelea. Mke wangu ni asali mzingani, ni harufu ya mbao mpya. Miezi saba ya ndoa, sita ya mimba, na bado akipita mlango wa karakana msumeno unanipotea njia.

Kasoro ni moja. Akilala, misuli ya miguu inamkaza. Shavu la mguu linakuwa gumu kama jiwe, anaamka analia, nami naamka akishaniita mara ya nne. Leo asubuhi mama mkwe amekuja na futi kamba yake shingoni. Ni fundi cherehani. Sijawahi kumwona bila hiyo futi, nadhani anaoga nayo. Amesema kama mwanawe hajalala usingizi wa binadamu mpaka Jumatatu ijayo, anamchukua, na huko atakaa mpaka ajifungue. Miezi mitatu bila mke! Nimemwitikia "sawa, mama" kwa heshima zote. Moyoni nikamwambia mengine.

Akaondoka akiniita "baba njiwa". Njiwa ni wale niliowachonga kwenye ubao wa miguuni wa kitanda chetu, wamegusanisha midomo. Kitanda nimekiunda kwa mikono yangu, zawadi ya harusi. Futi sikugusa. Futi ni ya mafundi wasiojiamini. Nililala chali sakafuni juu ya mbao, nikaweka alama ya chaki utosini na visiginoni, nikakata. Kitanda cha mapenzi hupimwa kwa mwili.

Na niandike hapa, maana watu wana maneno: mimi na mke wangu kimo chetu ni kimoja. Ile tofauti ni nywele.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua. Ni baridi. Jana usiku nilimfunika blanketi mbili, nikazichomeka chini ya godoro upande wa miguuni, nikazivuta zikakaza kama ngozi ya ngoma. Akasema hawezi hata kuinua vidole. Nikamwambia mpenzi, huko ndiko kutunzwa.

Saa nane misuli ikamkaza miguu yote miwili. Akapiga teke. Blanketi hazikutoka, kazi yangu haitoki ovyo. Ila njiwa mmoja amevunjika mdomo. Nimeugandisha kwa gundi kabla ya chai.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Mkunga ana miwani minene na hana haraka. Amesema wajawazito wengi yanawapata. Kabla ya kulala mke wangu asimame kuelekea ukuta, visigino chini, ajinyooshe mashavu ya miguu. Anywe maji ya kutosha. Ikimkaza, avute vidole kuelekea juu, asivielekeze chini. Shuka ilegee miguuni. Mguu mmoja ukivimba na maumivu yakagoma kuondoka, arudi haraka.

Maji na ukuta. Mtu anasoma miaka yote ile, anakuja kutuambia maji na ukuta.

Kisha akauliza kama vidole vya mke wangu vinasukumana na kitu kitandani. Nikapata nafasi ya kumweleza habari za njiwa, mpaka akavua miwani. Akamtazama mke wangu kutoka miguuni hadi kichwani. Akanitazama na mimi, safari iliyomchukua muda mfupi zaidi. Akauliza kitanda kilipimwa na nani.

Wivu. Watu hawapendi kuona ndoa changa ikinawiri.

Jumamosi, 8 Machi

Fizikia ya sekondari haijaniacha. Maji hutelemka, na damu ni majimaji. Jana nikainua matendegu ya upande wa kichwani kwa matofali mawili, damu ishuke miguuni kwa wingi. Safi kabisa. Ila mke wangu akateleza naye, nyayo zikagota kwa njiwa, akabaki amesimama usingizini kama ngazi iliyoegemezwa. Akaniomba kwa upole, mume wangu, ukate tu huo ubao tulale. Nikacheka, nikambusu. Mimba ina maneno.

Aliamka mara tatu. Mara ya tatu hata hakuniita. Alikwenda kujinyoosha ukutani kama alivyofundishwa na yule wa miwani, kisha akalala mkekani sebuleni. Usaliti. Na ati mkekani haikumkaza hata mara moja. Ni uchovu tu ule.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe amefika maziwa hayajachemka. Salamu nusu. Akaingia chumbani, akavua futi shingoni, akapima kitanda. Akampima mwanawe. Akanipima na mimi bila kuniomba, kama suruali inayopunguzwa. Mimi na kitanda tukalingana barabara. Mke wangu akatuzidi sote wawili kwa shibiri nzima.

Mama mkwe akasema, taratibu, kwamba nimejitengenezea kitanda changu, nikaalika mgeni. Nikamweleza kuwa futi za cherehani huvutika zikizeeka. Alikuwa anafunga begi.

Mke wangu ameondoka analia na kucheka kwa pamoja. Amesema siku nitakayokata ule ubao, nimfuate siku hiyohiyo. Nyumba imepwaya. Hata msumeno haupotei njia tena.

Ijumaa, 14 Machi

Kapiga simu. Siku nne zimepita analala fofofo, kwenye kitanda cha chuma cha mama yake, kisicho na ubao miguuni wala haya. Nyayo zinaning'inia nje. Anajinyoosha ukutani, anakunywa maji. Ananikumbuka mno, amesema, na ubao ule ni kazi ya dakika tano, mume wangu, dakika tano.

Dakika tano za kuwachinja njiwa. Sithubutu. Nimekaa, nimefikiri, na jibu liko wazi: kilichomponya ni hewa ya kwao. Kinachokosekana huko ni kitanda chenye mapenzi. Basi mchana huu nimelala chali sakafuni karakanani, chaki utosini, chaki visiginoni, nikakata. Safari hii njiwa ni watatu, wa tatu mdogo. Mama mkwe atajua mwenyewe pa kutupa lichuma lake.

Nimemwambia kipenzi changu avumilie kidogo tu. Kabla mwezi haujaisha nitagonga mlango wao, na siji mikono mitupu.