Mawe ya Dokta na Klorini Yangu

Jamani, leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa na glavu na barakoa, yaani kitaalamu kabisa.

Kwa ambao hawajui: tangu Jumatatu niko kwenye majaribio ya kazi. Wiki moja tu. Leo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kuambiwa "umepata" au "rudi Keza ukalime na mama yako". Kazi yenyewe ni msaidizi wa utafiti. Kuna Dokta mmoja, mama mpole mwenye macho makali, anatafuta vijidudu vinavyoishi ndani ya miamba, huko chini kabisa ardhini. Havijawahi kuona jua. Nilipomweleza mama, akauliza, "Sasa wanakula nini?" Nikamwambia wanakula jiwe. Akafanya ishara ya msalaba. (Halafu Jumatano akatangaza kwenye jumuiya kwamba nimeshaajiriwa. Naomba mlikumbuke hilo.)

Mawe yanachorongwa kule Kaniha. Yanatoka vipande virefu vya mviringo, kama michi. Yanafungwa nailoni, yanawekwa kwenye maboksi ya barafu, yanaletwa huku Kanazi kwenye ghala la zamani la kahawa ambalo sasa ndiyo maabara yetu.

Na mimi kabla ya hapo nilikuwa wapi? Kituo cha mapokezi ya wakimbizi, kitengo cha usafi. Miaka miwili nimesimama getini na pampu ya klorini mgongoni, tukiogopa kipindupindu. Hakuna kitu kilichovuka geti lile bila mimi kukipulizia. Miguu, mikeka, masufuria, baiskeli. Bibi mmoja aliingia na jogoo kwapani, nikampulizia jogoo kucha. Bibi akaniambia, "Mwongezee, binti yangu, naye amechoka." Basi wakimbizi wakahamishiwa makambi ya Kibondo, kituo kikafungwa, mkataba ukaisha. Mimi wakaniachia pampu kama zawadi. (Heri wangenipa sahani.)

Hiyo pampu nimekuja nayo Kanazi. Dokta aliiona siku ya kwanza. Akasema, "Ya sakafu tu, Devota." Nikasema sawa, Dokta.

Leo asubuhi Dokta akaondoka kwenda Ngara mjini kuwachukua wafadhili wawili. Kabla hajapanda gari akaniambia, "Mawe yatafika kabla yangu. Pokea, weka kivulini, usifungue. Nataka wageni waone kwa macho yao jiwe likipimwa." Nikaitikia kama askari.

Saa nne gari la Kaniha likaingia. Dereva ni Mzee Sebastiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njia mbaya, mwanangu. Pale kirimani maboksi yamepinduka."

Nikachungulia. Yesu, Maria na Yosefu! Mifuniko imepasuka, nailoni zimechanika, tope jekundu limeingia kila mahali. Nikampigia Dokta. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Mtandao wa kwetu mnaujua.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi (kwa bahati mbaya). Nikawaza hivi: Dokta anataka wadudu wa chini. Tope ni la juu. Wadudu wa tope wakichanganyika na wa chini, kazi yake imeharibika na yangu imekwenda. Kwa hiyo niwaue wa tope. Wa chini si wako ndani ya jiwe? Watanisubiri humo humo.

Mnaona wenyewe, inaeleweka kabisa. Nilipomaliza kuwaza, pampu ilikuwa imeshakaa mgongoni. Sikumbuki hata kuivaa.

Nikapulizia mawe upande huu, nikageuza, nikapulizia upande ule. Yenye nyufa nikayatumbukiza kwenye beseni la klorini nusu saa ili dawa ipenye. (Ili ipenye! Naandika hapa nimejifunika kanga usoni.) Nikapulizia maboksi. Nikapulizia matairi. Nikapulizia viatu vya Mzee Sebastiani.

"Harafu wewe binti," akasema, "mimi rika la baba yako, unanipulizia kama mbu?"

"Ni utaratibu, mzee."

Kikabaki kipande kimoja, kifupi na kinene, kama kigoda. Hicho nailoni yake ilikuwa nzima kabisa. Niliifungua mwenyewe, kwa sababu nilishaanza na sikutaka kubagua. Lakini mgongo ulikuwa unauma. Nikasema hiki nitakimalizia baadaye. Nikavua koti, nikakaa juu yake, nikafungua soda. Nikiwa nimekaa pale nikaanza kupanga mshahara wa kwanza nitamnunulia mama nini. Nilifurahi sana, jamani. Nisiwafiche.

Mara gari la Dokta. Wakashuka yeye, wafadhili wawili, na mwenyekiti wa kijiji aliyevaa shati la Krismasi. Nikasimama mlangoni, mgongo umenyooka. Ndani mawe nimeyapanga mezani, yanang'aa. Ghala zima linanukia hospitali.

Dokta akanusa. Akasimama.

"Devota, hii harufu ya nini?"

Na mimi, mbele ya wageni, kwa sauti ile ile ya getini: "Nimeshughulikia yote, Dokta! Hata mdudu mmoja hajapona!"

Nikayasikia maneno yangu yakitoka. Nikatamani kuyarudisha mdomoni. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

Dokta hakufoka. Heri angefoka! Alitoa kimashine chake cha kupimia uhai, akapangusa jiwe la kwanza kwa pamba, akaiingiza humo. Kama kuna uhai, namba inapanda. Sifuri. Jiwe la pili, sifuri. Yale ya kwenye beseni hata sitaki kuyazungumzia.

Mfadhili mmoja akauliza taratibu, "Kwa hiyo miamba hii haina uhai?"

"Ilikuwa nao," Dokta akasema, "hadi leo asubuhi."

Machozi yakanijia. Nikaiona jumuiya nzima ya Keza ikiniuliza habari za kazi. Nikaliona jembe.

Ndipo Mzee Sebastiani akasema kutoka mlangoni (na sijui hadi sasa kama alikuwa ananisaidia au analipiza viatu vyake), "Rakini lile alilokalia hajalipulizia."

Wote wakageuka kulitazama lile jiwe. Halafu wakanitazama mimi.

Dokta akalipangusa kwa pamba, akaiingiza. Namba ikapanda. Ikazidi kupanda! Wafadhili wakafurahi, mwenyekiti akapiga makofi tena, mimi nikaruka. Nimeokoka!

"Ngojeni kwanza," Dokta akasema. "Uhai upo. Swali ni uhai wa nani."

Akaitoa ile pamba kwenye kimashine.

"Kila kilichogusa jiwe lazima nacho tukichukulie sampuli, tulinganishe. Devota, geuka."

Nimegeuka, jamani. Mbele ya wafadhili. Mbele ya uongozi wa kijiji. Dokta akachukua pamba mpya, akapangusa sketi yangu pale pale ilipokutana na jiwe, polepole, kwa umakini wa kisayansi. Mwenyekiti, Mungu ambariki, akaangalia dari. Mzee Sebastiani hakuangalia dari.

"Ni utaratibu, binti," akasema.

Vichupa viwili vimeshafungwa, vinakwenda Dar es Salaam kupimwa. Kimoja kimeandikwa "Kaniha, jiwe". Kingine kimeandikwa "Devota, nyuma". Kwa mwandiko wa Dokta, wino usiofutika. Pampu imefungiwa stoo. Na mimi nimeambiwa hivi: wadudu wakionekana ni wa mwamba, basi nimeokoa jiwe pekee lililobaki na kazi ni yangu. Wakionekana ni wangu, yanayofuata nimalizie mwenyewe.

Majibu ni baada ya wiki mbili. Msicheke, hasa wewe Adelina, nakujua. Mama akiwauliza, mwambieni bado wanachambua. Na mkisali rozari jioni hii, niombeeni wale wadudu wawe wa Kaniha.