Dakika Arobaini na Tano za Angani

Jumatatu, 3 Juni
Mama kapiga simu. Baba hali mbaya, anatuita wote wawili, mimi na kaka. Nililia kidogo. Kisha nikafunika cherehani, nikatandaza ramani na kuipima kwa futi ya kushonea. Kutoka kiwanja cha ndege cha hapa hadi kile cha nyumbani ni kilomita mia mbili na kumi, mstari ulionyooka. Dakika arobaini na tano! Kaka anakwenda kwa basi, siku moja na nusu kuuzunguka mlima. Alitaka tufuatane. Nikamwambia atangulie tu, nitampokea huko. Safari hii Baba ataona nani mwana.

Jumanne, 4 Juni
Kiwanja chenyewe ni kibanda, benchi na changarawe. Ukungu. Karani wa tiketi anasema ndege haitui kwa kupapasa. Nikamwonyesha hesabu zangu. Akasema ni nzuri sana, ila ndege haipo. Basi la kaka limepata pancha. Nilisikitika. Si sana.

Jumatano, 5 Juni
Ndege imekuja! Imejaa. Rubani alisema imebaki nafasi ya kilo sitini tu. Nikavua viatu, koti na mkanda, nikapanda mizani nimebana pumzi, suruali nimeishika kwa mkono. Sabini na mbili. Abiria wote wananitazama. Karani akanirudishia viatu.
Kaka keshafika. Anasema Baba bado anaongea, nipande basi la mchana huu huu. Basi! Nikamjibu kesho asubuhi nipo.

Ijumaa, 7 Juni
Jana niliruka. Dakika arobaini na tano kamili, sikukosea hata moja. Mama alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili, nikajua. Baba alikata roho alfajiri. Shangazi anasema aliniulizia mpaka mwisho, na kila mara kaka alimjibu: yuko angani, Baba, anakuja. Eti Baba akawa anatazama dari.
Kaka hakunilaumu. Heri angenilaumu.
Leo tumezika. Kaka alikuwa ameshika koleo, akanipa mimi nianze. Maisha yangu yote nilitaka kumtangulia. Kwa machozi, sikuona hata ninatupa wapi udongo.

Jumatatu, 10 Juni
Mama anahamia kwetu mjini. Kwangu au kwa kaka, hajasema. Kaka alikata tiketi tatu za basi. Yangu nimemrudishia. Nimepiga hesabu: kurudi, upepo unasukuma kwa nyuma. Dakika thelathini na nane! Mama akishuka, atakuta nimeshamtandikia kitanda kwangu. Alinitazama dirishani mpaka basi likapinda kona.
Karani wa huku anasema ndege ijayo ni Alhamisi. Sawa. Ikishapaa tu, hawanipati.