Bomba Lenu Halijaleta Posa

Chanika, kwa Mashaka Fundi.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Gesi ya Mkondo Mrefu,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Meneja,

Natumaini wewe na nyumba yako hamjambo. Mimi ni Mwanaasha binti Salumu, mjane wa marehemu Mashaka, aliyekuwa seremala kule Keko. Kiwanja hiki alikinunua kwa kutengeneza vitanda vya watu, sisi wenyewe tukilala mkekani. Wiki iliyopita vijana wako walichomeka vigingi katikati ya muhogo wangu, wakapaka X nyekundu kwenye banda la kuku, wakaacha karatasi mlangoni kwamba bomba la gesi litapita hapa. Sikatai mgeni. Ila nimemwoza binti yangu Najat kwa watu wa Mwananyamala, kwa hiyo utaratibu wa kutaka cha watu naujua. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkupiga hodi. Waliomtaka Najat walimtuma mshenga, mtu mzima, akakaa jamvini akayazungusha maneno mpaka chai ikapoa, ndipo akasema kilichomleta. Ninyi mmetuma kopo la rangi. Kuku wameshtuka, hawatagi.

2. Karatasi inasema ardhi inatwaliwa "kwa manufaa ya Umma". Basi bwana harusi ni Umma. Nimeulizia mtaa mzima, hakuna anayejua kwao ni wapi. Mashaka alipofariki sikumwona msibani, na siku zote za matanga sikutoka hapa. Mzazi ana haki ya kujua posa imetoka ukoo gani, na bwana harusi ana hasira kiasi gani. Hasira za gesi nasikia si za kawaida.

3. Jirani yangu Marselino, mtu wa Kusini, anasema bomba hilo limeshapita kwa ndugu zake wote kule, na likitoka kwangu linaendelea mjini. Yaani kwenye kila kiwanja lina mke! Kwa dini yangu mwisho ni wanne, tena kwa uadilifu. Naomba kujulishwa changu kitakuwa mke wa ngapi.

4. Fidia mnasema itafuata uchimbaji ukikamilika. Bwana Meneja, mahari hailetwi mtoto akiwa ameshaanza kutambaa. Shoga yangu Rukaiya, mjumbe wetu wa mtaa, amenisomea sheria: fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno yalivyo matamu, nilidhani ameyatoa kwa kungwi.

5. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Mnasema ule ukanda wa bomba, mnaouita mkuza, utabaki kuwa wangu, ila nisipande mti, nisijenge, nisichimbe, na vijana wenu wataingia saa yoyote wapendayo. Huyu ni mume wa namna gani? Haishi nawe, hakulishi, wageni wako hawataki, na ufunguo anao yeye. Gesi ikiisha nani ataandika talaka? Mkiiuza kampuni, niamke asubuhi nina wakwe nisiowajua? Au mnataka nikae eda ya bomba?

6. Kigingi cha mwisho mmekisimamisha miguuni pa kaburi la Mashaka. Kijana wenu mmoja akaniambia, "Mama, hilo tutalihamisha tu, siyo ishu." Hapa sitanii. Mume wangu alihamishwa na wenye nyumba maisha yake yote, Keko hii na Temeke ile, na alipoezeka paa hili aliniambia sasa atalala pasipo na mtu wa kumtoa. Naumia, Bwana Meneja. Sitaki aamshwe na mtu asiyejua hata jina lake.

Kwa hiyo naomba posa ianze upya. Mlete mshenga mwenye mvi. Fidia itangulie, sululu ifuate. Bomba likunje kona lipite nyuma ya choo, kaburi liachwe lilipo, na yote hayo yaandikwe. Bila hivyo mkono wangu hautashika kalamu, hata aje Umma mwenyewe na ukoo wake wote. Mimi siyo mtu wa kulainishwa.

Nisalimie wafanyakazi wako wa ofisini na wa mitaroni, bila kumsahau mama watoto. Rukaiya, Marselino na Najat wanakusalimu. Kuku bado wamenuna.

Wako, mwenye kiwanja,

Mwanaasha binti Salumu

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha amekuja mtumishi wenu anayeitwa Fredrick. Jamani, kuna watu wamelelewa! Amebisha, amevua viatu, amenipa shikamoo mpaka nikajisikia mama yake. Amekunywa chai, akasifia muhogo, kisha akaomba apelekwe kaburini. Akasimama pale kwa dini yake ya Kikristo, kichwa chini, akamtaja Mashaka kwa jina. Machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Mwanangu, lete hiyo karatasi yako ya kukubali bomba," nikatia saini papo hapo, na kalamu ilikuwa yangu. Ameondoka na muhogo wa kuchemsha. Sasa hivi Rukaiya amefika, ameniuliza karatasi hiyo inasemaje kuhusu kaburi. Naomba mnirudishie kwa siku moja tu, niisome.