Chumba Kikavu cha Sabuni

Jumapili, 1 Julai 1973. Kebirigo.

Sabuni imeganda. Nimekata vipande arobaini na nane, kimoja kimepinda. Mafuta ya ng'ombe, soda kali, maji, na mafuta kidogo ya mkaratusi ili inukie. Kila mwanakwaya atapata kipande cha kufulia sare kwa ajili ya makambi ya kanisa mwezi ujao. Makambi yakiisha tunachagua mwenyekiti wa kwaya. Onchiri, mwenyekiti kwa miaka sita kwa sababu tu ya sauti yake, atajua hajui.

Kijitabu cha upishi wa sabuni kinasema ikomae wiki nne mahali pakavu, penye hewa, pasipo jua. Ikitumika mapema inababua ngozi. Nyumba yetu ni kavu. Nimeipanga chini ya kitanda.

Jumatatu, 2 Julai.

Sabuni inatoka jasho. Sielewi, haijafanya kazi yoyote.

Bosibori, mke wangu, ameamka akikohoa. Anasema sakafu ina unyevu tangu mvua za Machi, ndiyo maana sanduku lake la nguo, lililo chini ya kitanda, liko juu ya mawe. Miezi minne nalala juu ya mawe hayo na sikuyaona. Nimehamishia sabuni uchagani, juu ya moto wa jikoni. Hapo hata kuni mbichi hukauka.

Jumatano, 4 Julai.

Vipande vimekuwa vyeusi upande mmoja. Kimoja kilianguka kwenye chungu cha chinsaga, mboga ikapanda povu hadi ukingoni. Imemwagwa. Tumekula ugali kwa chumvi.

Bosibori hakupiga kelele. Alitia sabuni yote kwenye gunia, akaliweka nje ya mlango, akasema, "Baba Kemunto, itafutie mahali. Popote. Mimi sitaki hata kujua ni wapi."

Nimeshukuru kwa uhuru huo.

Alhamisi, 5 Julai.

Banda la kuuzia majani chai! Hewa pande zote, paa la mabati, raki za mbao. Nilingoja karani aende nyumbani, nikapanga sabuni kwenye raki ya juu kabisa, upande safi ukitazama juu.

Ijumaa, 6 Julai.

Mambo yameenda vibaya, na bado sijui kosa liko wapi.

Majani ya watu yalikaa chini ya zile raki tangu asubuhi. Karani alipima kikapu cha kwanza, akainamisha pua, akauliza kama haya ni majani chai au dawa ya mafua. Akanusa cha pili. Akafunga daftari. Kijiji kizima tumerudishiwa majani, pamoja na Bosibori, aliyechuma tangu alfajiri.

Onchiri akapanda, akateremsha kipande, akakiinua kila mtu akione. Nikasema ni mali ya kwaya. Ni kweli tupu, lakini hakuna aliyefurahi. Bosibori alitembea mbele yangu mpaka nyumbani na kikapu mgongoni. Hakugeuka hata mara moja.

Jumapili, 8 Julai.

Nimepata. Bochaberi, mjane anayeimba sauti ya pili, ana chumba ambacho marehemu mumewe alijenga cha kukaushia maua ya pareto. Trei za wavu, matundu ya hewa ukutani, giza zuri. Pareto aliing'oa zamani, chumba ni kitupu. Nilisimama mlangoni nikahesabu trei mara mbili.

Amekubali, kwa sharti kwamba nije mwenyewe kila jioni kugeuza vipande. Mgongo unamsumbua. Watu wanadhani niliizika sabuni. Nimewaacha wadhani hivyo, Onchiri asije akaleta hila. Bosibori sijamwambia. Alisema hataki kujua.

Alhamisi, 12 Julai.

Watu wananisalimu kwa namna. Wanawake waliokuwa mtoni walinyamaza wote nilipopita.

Onchiri alinisimamisha barabarani akauliza kama ni kweli niko kwa Bochaberi kila jioni. Nikasema kweli, na kwamba maishani sijapata mahali pazuri hivyo. Akauliza, "Na Mama Kemunto je?" Nikamjibu, "Yeye mwenyewe ndiye aliyenitolea vitu nje." Nikamsihi asimwambie mtu mpaka makambi yaishe.

Alinitazama kwa huzuni. Nadhani ameanza kuogopa uchaguzi.

Sabato, 14 Julai.

Baada ya ibada Mzee Nyamongo, mzee wa kanisa, aliniita kando ya ukuta. Akauliza jambo hili limeanza lini. Nikasema Jumapili iliyopita. Akauliza nategemea liishe lini. Nikahesabu: wiki moja karibu imekwisha, zimebaki tatu. Akafumba macho.

"Wiki tatu," akasema. "Umepanga hata siku."

Nikamwambia kijitabu ndicho kinachosema hivyo. Akauliza ni kijitabu gani hicho, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha akaniombea muda mrefu, mkono kichwani. Alitaja moto. Nilitoka hapo nikiwa nimeguswa, ingawa sijui na nini.

Jumatatu, 16 Julai.

Jioni nilikuwa nageuza trei ya tatu, mlango ukafunguka. Bosibori. Kitambaa cha kanisani kichwani, macho mekundu. Nyuma yake Bochaberi na taa.

Alitazama trei. Alinitazama mimi na mikono yangu yenye mafuta. Akakaa chini sakafuni.

"Sabuni," akasema.

Nikasema ndiyo, sabuni, ingekuwa nini kingine?

Akalia, kisha akacheka, kisha akalia tena. Bochaberi akaketi kando yake akamshika bega. Bosibori akasema siku nne hajala vizuri, na kwamba alikuwa ameshamwandikia kaka yake barua. Nikauliza barua ya nini. Wakaenda kunywa chai, wakaniacha nimalizie trei ya nne.

Njiani kurudi alinishika mkono, hapo wazi watu wakiona. Akasema, "Ungeniambia tu ni wapi." Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe. Akaushika kwa nguvu zaidi, mpaka ukauma.

Jumapili, 19 Agosti.

Makambi yameisha. Sabuni ilikomaa, ikawa ngumu na nyepesi, na sare zilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Bosibori na Bochaberi ndio waliogawa, basi watu wakawashukuru wao. Uchaguzi: Onchiri kura thelathini na tisa, mimi moja. Bosibori anasema hakunipigia, kwa sababu anataka niwe ninashinda nyumbani. Kura ile ni yangu mwenyewe, sasa nakumbuka.

Jumatatu, 20 Agosti.

Nimefikiri sana na nimeona kosa. Vipande vilikuwa vichache na chumba kilikuwa kimoja. Mwakani nitapika mara mbili. Nimesikia kuna mjane kule Gesima, anaitwa Persis, ana vyumba viwili vya pareto, vikavu kabisa, na anaishi peke yake. Kesho naenda kuviangalia. Bosibori nitamwambia nikirudi, asisumbuke bure.